Fedha ya usiku usiolaliwa si pato, ni deni

BIASHARA ya kulaza wageni kwa siku chache imeota mizizi Gongo la Mboto, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere uko jirani. Mnada wa ng'ombe wa Pugu hauko mbali, treni ya kisasa ya Morogoro na Dodoma ina kituo Pugu, na barabara ya mabasi yaendayo haraka awamu ya tatu imejengwa kutoka katikati ya jiji hadi hapo.

Kwa hiyo mwenye vyumba viwili vya uani, aliyezoea kupangisha kwa mwezi, ameona afadhali aweke kitanda, feni na neti, apangishe kwa usiku. Wateja wapo. Yupo mfugaji anayesubiri siku ya mnada, yupo mfanyabiashara wa mchele kutoka Kahama, yupo ndugu wa mgonjwa aliyelazwa Muhimbili, na yupo msafiri wa ndege ya alfajiri asiyetaka kukwama kwenye foleni.

Mgeni naye amebadilika. Zamani alibisha hodi akiwa na begi mkononi, akaulizia chumba na kulipa akiwa mlangoni. Siku hizi anapiga simu akiwa bado kwao, anatuma nusu ya fedha kwa simu ili ashikiwe chumba. Wengine huweka nafasi wakiwa Ulaya au Uarabuni kupitia kampuni za mtandaoni.

Fedha hiyo ya kushika nafasi haina shida safari ikienda sawa. Shida huanza safari inapokwama kwa jambo lisilo kosa la mtu yeyote. Mgeni anadai arudishiwe chake kwa sababu hakulala. Mwenye nyumba anasema chumba kilikuwa tayari na kimewakosa wengine. Hapo ndipo swali linapoibuka: fedha hiyo ni ya nani?

Jibu linalowafaa wote wawili ni kwamba fedha ya usiku ambao haujalaliwa si pato la mwenye nyumba. Ni deni analolitunza mpaka mgeni alale. Anayelielewa hilo kabla ya msukosuko ataumia kidogo. Asiyelielewa atapoteza fedha, mteja na jina.

Misukosuko si hadithi

Wakazi wa Gongo la Mboto hawahitaji kusimuliwa maana ya safari kukwama ghafla. Usiku wa Februari 16, 2011 ghala za silaha za kambi ya jeshi iliyopo eneo hilo zililipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, maelfu wakakimbia makazi yao na wengi wakahifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru. Uwanja wa ndege nao ulifungwa kwa muda. Usiku ule tatizo halikuwa mgeni kushindwa kuja. Nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa haikaliki.

Mwaka 2020 mambo yalikuwa kinyume chake. Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini Machi 16. Aprili 11 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na anga likafunguliwa tena Mei 18. Tanzania Bara haikufungia watu ndani, hivyo vyumba vilikuwa wazi na vitanda vimetandikwa. Mgeni ndiye aliyeshindwa kufika.

Anga lilifungwa kwa wiki tano tu, lakini wageni hawakurudi baada ya wiki tano. Watalii walioingia nchini, ambao mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5, walishuka hadi wapatao 620,000 mwaka 2020. Aliyekuwa akitegemea wageni wa ndege alikaa muda mrefu akitazama mlango.

Si ndege peke yake. Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga. Mfanyabiashara wa Kusini aliyekuwa ameshikiwa chumba Dar es Salaam hakuwa na ujanja.

Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, zikatokea ghasia zilizogharimu maisha ya watu. Intaneti ilizimwa nchini, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Safari hii pande zote mbili zilibanwa. Mgeni hakuweza kutembea usiku kwenda alikoshikiwa chumba, na mwenye nyumba aliyekuwa akipata wateja kwa mtandao hakuweza hata kuona nani ameghairi.

Kwa miaka 15, basi, mwenye nyumba wa Gongo la Mboto ameona namna tatu za msukosuko: nyumba kushindwa kupokea, mgeni kushindwa kuja, na yote mawili kwa pamoja. Atakayesema msukosuko mwingine hautakuja anajidanganya.

Anayeshika fedha ndiye anayeamua

Somo kubwa la mwaka 2020 lilitoka kwa kampuni ya Airbnb ya Marekani, inayowaunganisha wenye nyumba na wageni duniani kote. Katika utaratibu wake, mgeni hulipa wakati wa kuweka nafasi, lakini fedha haziendi moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Kampuni huzishika na kwa kawaida huzitoa kama saa 24 baada ya mgeni kuingia. Mwenye nyumba huchagua masharti ya kughairi: mepesi, ya kati au magumu.

Machi 14, 2020 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wageni walioweka nafasi kufikia siku hiyo, na waliotarajiwa kuingia kati ya Machi 14 na Aprili 14, wangeweza kughairi na kurudishiwa fedha zote. Baadaye tarehe ya mwisho ilisogezwa mbele. Masharti magumu ambayo mwenye nyumba alikuwa amejiwekea yakawekwa kando kwa tangazo moja.

Wenye nyumba walipiga kelele kila pembe ya dunia. Wengi walikuwa na mikopo ya nyumba, na walikuwa wamepanga matumizi kwa kutegemea wageni hao. Machi 30 mkuu wa kampuni, Brian Chesky, aliwaandikia akiomba radhi kwa kutangaza uamuzi huo bila kushauriana nao. Akaahidi dola milioni 250 za kuwalipa asilimia 25 ya kile ambacho wangepata kwa masharti yao ya kughairi.

Neno asilimia 25 linahitaji kusomwa vizuri. Si robo ya bei ya chumba. Tuseme mgeni ameweka nafasi ya Sh400,000, na masharti ya mwenye nyumba yanasema anayeghairi anapoteza nusu. Mwenye nyumba angebaki na Sh200,000. Robo ya hiyo ni Sh50,000. Hicho ndicho ambacho angekipata.

Kumrudishia mgeni aliyezuiwa na ugonjwa wa dunia nzima kulikuwa na hoja. Kosa lilikuwa kubadilisha masharti katikati ya mchezo bila kumwuliza aliyebeba hasara. Tangu Juni 6, 2024 kampuni hiyo ina sera inayolisema jambo hilo mapema: tukio kubwa likitokea mahali nyumba ilipo, ikiwemo marufuku ya serikali ya kusafiri, mgeni hurudishiwa fedha hata kama masharti ya mwenye nyumba yanasema vingine. Anayejiunga leo hawezi kusema hakujua. Anachoweza kufanya ni kusoma kabla ya kukubali, na kutotegemea njia moja tu ya kupata wateja.

Gongo la Mboto mambo yako kinyume. Mgeni wa kutoka Kahama anapotuma fedha kwa simu, hakuna kampuni inayozishika katikati. Zinaingia moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Yeye ndiye mwenye uamuzi, na hilo ni jambo jema kwake. Ubaya ni kwamba jioni hiyo hiyo fedha zinaweza kuwa zimegeuka saruji, ada ya shule au marejesho ya VICOBA. Mgeni akighairi wiki inayofuata, hata mwenye nyumba mwenye moyo wa kurudisha hana cha kurudisha.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina vifungu viwili ambavyo mwenye nyumba na mgeni wanapaswa kuvijua. Kifungu cha 56 kinasema mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani, au limekuwa kinyume cha sheria, hubatilika. Kifungu cha 65 kinasema mkataba ukibatilika, aliyepokea manufaa chini yake lazima ayarudishe au amfidie aliyeyatoa.

Kwa tukio kama la mwaka 2011 jibu halina utata mkubwa. Nyumba haikaliki, mwenye nyumba hawezi kutoa alichouza, anarudisha fedha.

Kwa tukio kama la mwaka 2020 ubishi upo. Mwenye nyumba atasema: chumba changu hakijafungwa na mtu, mkataba uko palepale, ndege si mali yangu. Mgeni atasema: nilikodi chumba ili nilale, na Serikali imefunga njia ya kufika. Mawakili wanaweza kubishana hapo mwaka mzima kwa fedha isiyotosha hata nauli ya kwenda na kurudi mahakamani.

Ndiyo maana kwa biashara ya kiwango hiki dawa si kusubiri hakimu. Ni kuandika makubaliano kabla fedha haijatumwa.

Chumba ni kama nyanya

Mkulima ataielewa biashara ya chumba upesi kuliko mtu wa ofisini. Usiku wa chumba ni kama tenga la nyanya zilizoiva. Leo zisipouzwa, kesho hazirudi kuwa za leo. Usiku wa Jumanne ukipita bila mgeni, hauwezi kuwekwa stoo ukauzwa Jumatano.

Aprili 2010 volkano ililipuka Iceland na majivu yake yakafunga anga la sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa. Wakulima wa maua wa Naivasha, Kenya, walitupa maua yaliyokwisha kukatwa. Mnunuzi wa Ulaya hakuwa na kosa, mkulima hakuwa na kosa, lakini maua hayakungoja anga lifunguliwe.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo wenye nyumba wengi huikosa. Tozo ya kughairi ina sababu yake. Mgeni anaposhika chumba, anawazuia wengine wasikichukue. Akibadili nia dakika ya mwisho, mwenye nyumba amewakosa wateja wengine kwa ajili yake. Ni haki alipe.

Lakini anga likifungwa au barabara ikikatika, hao wateja wengine hawapo. Chumba kingebaki kitupu hata kama mgeni huyu asingekishika. Hasara imeletwa na msukosuko, haikuletwa na yeye. Kumtoza sawa na aliyebadili nia ni kumbebesha mzigo usio wake.

Hata hivyo, mwenye nyumba naye asibebeshwa gharama alizoingia kwa ajili ya mgeni huyo. Kama ameshafua mashuka, amenunua umeme wa LUKU na chakula cha asubuhi, hizo ni fedha halisi zilizotoka mfukoni. Hizo azikate, azitaje moja moja, na zinazobaki azirudishe.

Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kabla haijaiva. Fedha huliwa mapema, na msimu ukifika kahawa ni ya mwingine. Mwenye nyumba anayetumia fedha yote ya kushika nafasi kabla mgeni hajalala anafanya butura ya chumba.

Hesabu ya theluthi mbili

Chukua mfano wa mwenye nyumba anayetoza Sh30,000 kwa usiku. Wageni watatu wameshika nafasi, kila mmoja kwa siku tano. Kila mmoja anadaiwa Sh150,000 na ametuma nusu, yaani Sh75,000. Mwenye nyumba ana Sh225,000 mkononi.

Safari zinasimamishwa. Kila mgeni amemgharimu Sh10,000 za maandalizi. Akizikata, anawadaiwa Sh65,000 kila mmoja, jumla Sh195,000. Mmoja anakubali kusogeza tarehe, hivyo fedha yake inabaki. Wanaotaka kurudishiwa ni wawili, na wanahitaji Sh130,000.

Kama theluthi mbili ya fedha ya kushika nafasi, yaani Sh150,000, ilikuwa imewekwa kando, wawili hao wanalipwa siku hiyo hiyo na Sh20,000 inabaki. Kama yote ilikuwa imekwenda kwenye saruji, mwenye nyumba anaanza kuzima simu.

Hesabu hii si amri. Mwenye wageni wengi wa ndege atenge zaidi, kwa kuwa wote hukwama siku moja. Mwenye mchanganyiko wa wafugaji, wagonjwa na wafanyabiashara wa mikoani anaweza kutenga pungufu kidogo. La msingi ni fedha hiyo ikae kwenye laini nyingine au akaunti nyingine, isichanganywe na ya matumizi, na ihamie kwenye pato siku mgeni anapolala.

Makubaliano kwanza, fedha baadaye

Mwenye nyumba hahitaji mwanasheria ili kuandika masharti. Ujumbe mmoja wa simu unatosha, mradi utumwe kabla ya kupokea fedha na mgeni ajibu kwamba amekubali. Unaweza kusomeka hivi:

"Chumba ni Sh30,000 kwa usiku. Nafasi inashikwa kwa nusu ya bei. Ukighairi mwenyewe siku tatu au zaidi kabla, unarudishiwa yote. Chini ya hapo nakata usiku mmoja. Serikali ikizuia safari au barabara ikikatika, chagua kusogeza tarehe ndani ya miezi sita au kurudishiwa fedha pungufu ya Sh10,000 za maandalizi. Nikishindwa mimi kukupokea, nakurudishia yote ndani ya siku saba."

Ujumbe huo unatenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: mgeni kubadili nia, msukosuko usio kosa la mtu, na mwenye nyumba kushindwa. Kila moja lina bei yake, na bei imejulikana mapema.

Kusogeza tarehe kupewe nafasi ya kwanza, kwa sababu mwenye nyumba anabaki na fedha na mgeni anabaki na chumba chake. Lakini liwe chaguo la mgeni, lisiwe ujanja wa kukwepa kurudisha. Ndugu wa mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa hospitali hana haja ya chumba miezi sita ijayo.

Mgeni naye ana wajibu wake. Aseme mapema anapoona safari inayumba, asisubiri siku ya kufika. Atunze ujumbe wa malipo na ujumbe wa masharti. Asitume bei yote kwa mtu asiyemjua kwa sababu tu ameambiwa vyumba vimebaki viwili. Wengi wa wasomaji wa kurasa hizi wako pande zote mbili: nyumbani ni wenye vyumba, safarini ni wageni.

Tukio la mwaka 2025 limeongeza somo jingine. Intaneti inaweza kuzimwa, na orodha ya wageni iliyoko mtandaoni ikazimika nayo. Kwa hiyo jina la mgeni, namba yake ya simu, tarehe zake na kiasi alichotuma viandikwe kwenye daftari la karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Serikali nayo ina la kufanya, na halihitaji sheria mpya. Tume ya Ushindani, ambayo inamlinda mlaji kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ingeweza kukaa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na wenye nyumba za wageni, wakaandaa mfano wa masharti ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi. Ofisi za serikali za mitaa zingeusambaza. Asiyetaka kuutumia asilazimishwe, ila aandike wake.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya hoteli kubwa, kwamba mwenye vyumba viwili vya uani hana haja ya masharti wala laini ya pili. Ukweli ni kinyume chake. Hoteli kubwa ina benki ya kuibeba hadi wageni warudi. Mwenye vyumba viwili hana. Kinachombeba yeye ni jina lake mdomoni mwa watu: mfugaji aliyerudishiwa fedha yake bila kuzungushwa ndiye atakayewaambia wenzake mnadani wapi pa kulala.

Fedha ya kushika nafasi ni deni tangu inapoingia kwenye simu. Nalo deni, kama Waswahili wanavyosema, dawa yake ni kulipa. Anayeiweka dawa hiyo kando mapema hatakuwa na sababu ya kuzima simu siku safari zitakaposimama tena.